Farasi Aliyempeleka Mama Kanisani

Shamba la mzungu kule Timau lilipouzwa, miaka michache baada ya uhuru, wafanyakazi wengine walipewa mabati na wengine walipewa ng'ombe. Baba alipewa farasi. Alikuwa saisi, kazi yake kutunza farasi tangu kabla sijazaliwa, na wanyama wazuri wote walikuwa wamechukuliwa na wanunuzi. Alibaki jike mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye alama nyeupe usoni na umri ambao hakuna mnunuzi aliyeutaka. Baba akaulizwa anataka nini kama zawadi ya kuagana. Hadi leo sijui kama alielewa swali.

Walikuja nyumbani kwa miguu, wakauzunguka mlima: Meru, Chuka, Runyenjes, mpaka kwetu Karurumo. Hakumpanda hata pale njia ilipokuwa tambarare. Mama alikuwa langoni, mikono kiunoni, na nyuma yake nusu ya kijiji, maana habari za farasi zilikuwa zimefika kabla ya farasi mwenyewe.

"Nimekungoja miaka hii yote," Mama alisema, "na sasa umeniletea mke mwenza."

Watu walicheka, na Baba akacheka pia, kosa ambalo lilimgharimu wiki nzima ya chai isiyo na sukari. Jina likashika. Kwa majirani yule farasi alikuwa mke mwenza wa Mama, na kila aliyepita aliuliza mke mdogo ameamkaje. Mama alikuwa na ulimi mkali, na huo ndio urithi alioniachia mimi kabla ya mwingine wowote. Alisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu wa kwetu hata jembe hajui. Alisema anakula kama ng'ombe wawili na hatoi hata kikombe cha maziwa. Baba alimchana farasi wake kwa brashi aliyotoka nayo Timau. Miaka yote hiyo alikuwa amekuja nyumbani Krismasi na mazishi tu. Nadhani alijua kwamba hasira ile haikuwa ya farasi.

Kilichobadilisha mambo ni goti. Goti la kulia la Mama lilianza kuvimba, na kanisa letu liko juu mlimani, njia ya udongo mwekundu unaoteleza mvua ikinyesha. Jumapili kadhaa alibaki nyumbani. Mtu ambaye hajamjua Mama hawezi kuelewa jambo hilo lilimaanisha nini. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikaa jikoni akiwasikia, kule juu, wakianza wimbo kwa sauti ya chini mno, na machozi yalimtoka kwa hasira.

Jumapili moja Baba akamfunga farasi tandiko, akaleta kigoda, akamwambia, "Mama watoto, panda."

"Mimi?"

"Kwani nani anaumwa goti?"

Alipanda. Alikaa upande, miguu yote ikining'inia kushoto, leso imefungwa kiunoni, Biblia kwapani, na mkono mmoja umeshika singa za farasi kwa nguvu. Baba alitangulia na hatamu. Mimi nilitembea nyuma, mwalimu mzima wa shule ya msingi, nikiomba tusikutane na wanafunzi wangu. Tulikutana nao wote. Kule kanisani mama mmoja alisema kwa sauti, "Bwana Yesu aliingia na punda, lakini wewe umemshinda, umeingia na farasi." Mama akamjibu kwamba Bwana Yesu hakuwa na goti bovu. Siku hiyo alianzisha nyimbo zote, na zote alizianzisha juu mno.

Tangu siku hiyo hakumwita tena mke mwenza. Watu wengine waliendelea kumwita hivyo, lakini yeye aliacha.

Sasa lazima nieleze habari ya maganda ya maharagwe, kwa sababu bila hayo hakuna kisa. Kwetu, maharagwe yakikauka shambani tunayang'oa na shina lake, tunayaanika uwanjani na kuyapiga kwa fimbo. Maharagwe yanaingia guniani. Yanayobaki, mashina na maganda makavu, tunayaweka akiba, na hayapewi mnyama yeyote anayepita. Ni ya ng'ombe aliyezaa. Ukimpa maganda mnyama ambaye hajazaa, ni kwamba unamheshimu, au una kichaa. Mama alianza kumpa farasi. Kila jioni alibeba mkumbatio mmoja kutoka stoo, akachechemea nao hadi bandani, akasimama pale kumtazama akila. Wakati huo Baba alikuwa amepata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha kahawa, na jioni hakuwapo. Aliniambia siku moja, akitabasamu mwenyewe, "Mama yako amempenda."

Msimu ule mvua ilitukuta tukipiga maharagwe. Tuliokoa maharagwe yenyewe kwanza, kama mtu yeyote angefanya, na maganda yakakusanywa yakiwa na unyevu, yakasukumwa kwenye kona ya stoo na kufunikwa karatasi ya nailoni yasilowe zaidi. Ng'ombe waliyala wakanenepa. Hatukuwa na sababu ya kufikiri lolote.

Damu ya kwanza ilikuwa kidogo tu, mstari mwembamba uliokaukia chini ya tundu la kushoto la pua. Baba aliiona asubuhi aliporudi kutoka kazini. Aliifuta kwa kitambaa chake. Siku chache baadaye ikaja tena, upande uleule.

Kwetu damu ikitoka pua moja ya mnyama, hakuna anayeumiza kichwa. Ni ruba. Ng'ombe akinywa mtoni wakati maji yamepungua, ruba mdogo anaingia puani, anajishika huko ndani, ananyonya mpaka anenepe. Kila mtoto anajua hivyo, na kila mtoto anajua dawa. Mnyama anafungwa juani kutwa nzima bila maji. Jioni unamletea karai la maji safi, unalishika chini ya pua lakini humruhusu kunywa. Ruba akisikia ubaridi wa maji anatoa kichwa kutafuta, nawe unamkamata kwa jani la msasa ili asiteleze.

Tulifanya hivyo. Mama ndiye aliyeshika karai. Alikataa kumpa mtu mwingine, goti na yote. Farasi alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, shingo imeinama, na alipoyasikia maji alitetemeka midomo. Mama alimwambia polepole, "Ngoja kidogo, mama. Ngoja tumtoe huyo mwizi." Tulingoja mpaka jua likazama. Ruba hakutokea. Mwishowe Mama alisema hawezi kuvumilia zaidi, akainua karai, na farasi akanywa. Hapo ndipo nilipoona maji mengine yakirudi kupitia puani, kama mtoto aliyepaliwa. Nilimwambia Baba. Alisema amekunywa kwa haraka.

Jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa, alikuja na dawa ya pili: tumbaku ya kunusa iliyokorogwa na maji. "Hiyo ni ruba tu," alisema. "Hata ng'ombe yangu ilitoka damu hivyo, nikaweka tumbaku, ruba ikaanguka kubwa kama kidole." Alikuwa amevaa koti lake jeupe la mikutano. Akamimina. Farasi alipiga chafya moja tu, na koti lile likageuka la mchinjaji. Tulimcheka mzee wa watu mpaka tukashika mbavu, na Mama pia alicheka. Lakini damu ile haikukoma upesi. Ilidondoka kwenye majani mpaka tukaacha kucheka. Baba alikuwa amemshika kichwa, na mkono wake mwenyewe ulikuwa mwekundu hadi kwenye kiwiko.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni nikaenda Embu mjini kumtafuta daktari wa mifugo. Alikuwa kijana, amezoea ng'ombe, na nilipomwambia farasi, aliweka kalamu chini. "Farasi? Karurumo?" Nilimwambia ndiyo, na kama anataka kucheka acheke upesi twende. Hakucheka. Aliniuliza damu inatoka tundu moja au yote mawili. Aliniuliza kama chakula kinarudi kupitia puani. Aliniuliza kama kope limelegea. Kuhusu kope nilimwambia aje aone mwenyewe.

Tulipofika alimtazama farasi kwa muda mrefu kabla ya kumgusa. Kope la jicho la kushoto lilikuwa limelegea. Tulikuwa tumeliona sote, tukadhani ni uchovu.

"Mzee," alimwambia Baba, "hii si ruba."

Akaeleza, na alieleza vizuri. Farasi ana kitu ambacho ng'ombe hana: mifuko miwili ya hewa nyuma ya koo, chini ya masikio, mmoja kila upande. Ndani ya ukuta wa kila mfuko unapita mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kichwani, na pamoja nao mishipa ya fahamu, ile inayomwezesha mnyama kumeza na kuinua kope. Mara nyingine fangasi wanaota mle ndani, kama wanavyoota kwenye mkate. Wakikaa juu ya mshipa wa damu wanautafuna polepole. Damu kidogo leo, kidogo wiki ijayo. "Halafu siku moja," alisema, akaacha hapo. Baba alitingisha kichwa. Kule Timau alikuwa amesikia habari za farasi aliyekufa hivyo, wakasema amerogwa.

Daktari hakuwa na ule mpira wenye taa wa kuchungulia ndani; labda ulikuwapo Nairobi. Alikuwa na mpira mwembamba wa kawaida na waya wa kuunyoosha. Aliupima kwa nje, kutoka tundu la pua hadi pembe ya jicho, akafunga uzi mwekundu pale ulipoishia. Baba akashika kichwa, akimnong'oneza farasi maneno ya Kiembu ambayo sijawahi kumsikia akimwambia mtu. Mama akaletwa na karai lake lilelile, akalishika chini ya pua. Daktari aliusukuma mpira taratibu, akaugeuza, akarudi nyuma, akaugeuza tena, jasho likimtiririka. Kisha ukaingia kwa ghafla, na akatazama uzi wake mwekundu, ukawa pale unapostahili. Alimimina maji ya chumvi, akaagiza kichwa kishushwe. Kilichotoka kikaangukia karaini: maji ya rangi ya chai, yenye vipande vyeusi na vya kijivu kama majivu ya karatasi. Daktari alikinga kidogo kwenye chupa apeleke maabara, ingawa uso wake ulionyesha kwamba tayari anajua. Mama alitazama ndani ya karai. Alisema anakwenda kulimwaga mbali na kuku.

Mama alipoondoka, daktari aliuliza, "Huyu anakulanga nini?"

Tulimpeleka stoo. Aliinua karatasi ya nailoni, akaingiza mkono mpaka katikati ya yale maganda, akayavuta. Vumbi la kijivu lilipanda kama unga mashineni. Daktari alikohoa, akatoka nje.

"Ng'ombe anavumilia," alisema. "Farasi anavuta hii yote puani. Siwezi kuapa ndiyo imeleta. Lakini kama ningekuwa mtu wa kuapa ..."

Baba alikuwa anatazama kule nyuma ya jiko, ambako Mama alikuwa ameinama akisuuza karai.

"Daktari," alisema, "huyu mama akikuuliza, ni ruba."

"Mzee, nitampaje dawa ya fangasi nikisema ni ruba?"

"Ruba aliingia, akaacha kidonda, kidonda kikaoza. Hiyo ni shida gani? Wewe umesoma, panga maneno." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwalimu, umesikia."

Nilisikia. Mama alikuwa amempa yule mnyama kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, kila jioni, kwa mguu unaouma. Nani angemwambia? Daktari alitutazama, mmoja baada ya mwingine, na kijana yule, Mungu ambariki popote alipo, Mama aliporudi alimwambia ruba wa siku hizi ni wabaya sana.

Siku hiyohiyo Baba alitoa maganda yote stoo, akayamwaga chini ya miti ya kahawa, akatangaza kwamba ameona nyoka ndani yake. Mama alimsikiliza. Akasema nyoka ni jambo baya.

Kukawa na matibabu. Daktari alikuja kila alipoweza, akapitisha mpira, akaosha ule mfuko kwa dawa ya aidini iliyochanganywa na maji mengi. Alisema ikiwa kali itaua na ile mishipa ya fahamu iliyobaki mizima. Kulikuwa na upasuaji pia, wa kuufunga ule mshipa wa damu usiweze kupasuka. Huo ulifanywa Nairobi. Baba aliuliza habari za lori, na daktari akamwambia kwa upole kwamba mtikisiko wa njia yenyewe ungeweza kumaliza kazi kabla hajafika Thika. Hakuuliza tena.

Farasi alipewa majani mabichi tu, yaliyowekwa chini, ale akiwa ameinamisha kichwa. Mama alikata nyasi za nepia vipande vidogo kwa panga, vidogo kama sukuma wiki ya kupika. Alimkorogea pumba kwa maji ya vuguvugu. Nusu ilirudi puani ikiwa ya kijani, na Mama akampangusa kwa leso yake ya kanisani. Palikuwa na wakati damu ilikoma kabisa. Tulianza kusema hajambo. Baba alianza kupiga mluzi. Lakini mbavu zilionekana, na kope halikuinuka.

Alikufa Jumapili asubuhi. Kengele ya kwanza ilikuwa imelia, na Mama hakuwa ameenda. Hakutaka kwenda kwa njia nyingine isipokuwa kwa farasi. Alikuwa anamletea maji. Farasi aliinama kunywa, akakohoa mara moja, na damu ikatoka, si mstari tena. Ilitoka puani pote na mdomoni. Baba alikuja mbio akiwa na kiatu kimoja. Hapakuwa na la kufanya, na nashukuru hatukujaribu. Farasi alipiga magoti ya mbele, kisha akalala ubavu. Baba aliketi kwenye matope akakiweka kile kichwa mapajani, akamfunika jicho kwa kiganja. Mama alisimama na karai lake. Kule juu walianzisha wimbo, chini mno.

Baba alilia. Sikuwa nimemwona akilia hata alipomzika mama yake mzazi.

Wanaume walikuja na majembe baada ya ibada. Kaburi la farasi si mchezo. Walichimba mpaka magharibi, kando ya miti ya kahawa. Mmoja alianza kusema leo tunamzika mke mdogo, akamwona Mama, akameza maneno. Wanawake wa kanisa walileta chai na githeri, kama wanavyofanya mahali penye msiba. Labda mmoja wao alikuwa ameanza mpango huo kwa utani. Walipofika walikaa na Mama bila utani, mpaka giza. Yule mzee wa tumbaku alitikisa kichwa akasema ruba ni mnyama wa shetani, na Baba akasema ndiyo, ruba.

Aliendelea kusema hivyo maisha yake yote. Mgeni akiuliza habari ya ile brashi iliyoning'inia ukutani, Baba alieleza habari za farasi na habari za ruba, na akifika kwa ruba alimtazama Mama kidogo. Mama aliitikia, "Ruba, kweli." Mimi nilikuwa najitafutia kazi ya kufanya jikoni.

Baba alitutoka baadaye sana, kwa ugonjwa wa kawaida wa uzee. Msimu uliofuata nilikwenda kumsaidia Mama kupiga maharagwe. Mvua haikuwa karibu, lakini niliona anavyoyashughulikia yale maganda. Aliyageuza juani. Aliyatundika kwenye tagaa la mti. Kabla ya kumpa ng'ombe alichukua kila mkumbatio, akaupeleka puani, akanusa, akaukung'uta, akanusa tena. Nilikumbuka kwamba miaka yote alifanya hivyo, nami sikuwahi kujiuliza. Nilisema, ili tu kusema kitu, kwamba bado anaogopa nyoka wa Baba.

"Nyoka gani," alisema.

Niliokota fimbo yangu.

"Nani alishika karai siku ile?" Hakunitazama. "Yale maji yalipotoka kwa ule mpira nilikuwa nimeinama juu yake. Yalinuka stoo yangu. Nilikwenda kuyamwaga nikijua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Miaka yote ile, ruba, ruba, mbele ya kila mgeni. Nilimuuliza kwa ukali.

"Baba yako hakujua kudanganya," Mama alisema. "Katika maisha yake alitunga uongo mmoja tu, na alinitungia mimi. Ungetaka nimwambie uongo wake umeharibika?"

Akachukua mkumbatio mwingine wa maganda, akaunusa, akampelekea ng'ombe.